Danieli Aliomba Apimwe

Somo: Danieli 1:3-21



Nawasalimu ninyi nyote hapa Mantapala, pamoja na ndugu zetu walio kando ya ziwa, Nchelenge na Kashikishi, ambao karatasi hii huwafikia mkononi mwa wasafiri wa baisikeli.

Neno ninalowaletea limetokana na jambo linalosemwa sana katika nyumba zetu, yaani mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari. Wenyeji wetu Wazambia huyaita JETS, kwa jina la chama cha shuleni cha vijana wahandisi, mafundi na wanasayansi. Kwa mzazi asiyeyajua, mambo yenyewe ni haya. Mwanafunzi huchagua swali moja ambalo jibu lake halimo katika kitabu chake. Hulichunguza mwenyewe, hupima, huhesabu, huandika alichokiona, kisha hubandika kazi yake kwenye ubao na kusimama kando yake. Waamuzi hupita, husoma na kumwuliza maswali. Wanaofaulu wilayani huenda mkoani, na wa mkoani huenda kwenye mashindano ya taifa zima.

Baadhi ya wazazi wanafurahi. Wengine wananung'unika, na manung'uniko yao si ya kipumbavu. Mama mmoja aliniuliza, "Mchungaji, mtoto anamwaga maji niliyoyapangia foleni, eti anapima. Huko kupima kutatuletea unga?" Baba mwingine alisema kwa ufupi zaidi: "Sisi ni wakimbizi. Sayansi ni ya watu walio kwao." Nimekaa na maneno ya huyo baba siku nyingi, na mwisho nikayapeleka kwa Danieli.

Fungueni sura ya kwanza mwone jinsi habari inavyoanza. Mji umezingirwa na kuanguka, na vijana wanachukuliwa kwenda nchi ya watu. Hawakusafiri kwa kupenda. Kule Babeli wanapewa lugha mpya ya kujifunza, vitabu vipya, chakula kipya, na hata majina yao yanabadilishwa. Danieli anaitwa Belteshaza, na wenzake watatu wanaitwa Shadraka, Meshaki na Abednego. (Ni ajabu kwamba hata sisi katika shule ya Jumapili hao watatu tunawaita kwa majina ya Babeli mpaka leo. Ni watoto wangapi kwetu wanaoweza kuyataja majina waliyopewa na mama zao?) Sisi tuliovuka kutoka Pweto, Moba, Mitwaba na vijiji vingi vya Haut-Katanga na Tanganyika tunaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Mtoto wetu alianza masomo kwa Kifaransa, hapa anafundishwa kwa Kiingereza, anacheza mpira kwa Kibemba, na usiku anaombewa kwa Kiswahili.

Danieli akakusudia moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Akamwomba mkuu wa matowashi. Mkuu yule alimpenda, lakini aliogopa: mfalme akiona nyuso za vijana hawa zimekonda kuliko za wenzao, kichwa kitakachodaiwa ni chake yeye. Mlango ukafungwa kwa upole, kama milango mingi tunayoijua sisi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Danieli angeweza kufanya nini? Angeweza kulia. Angeweza kufunga na kuomba tu akingojea muujiza. Angeweza kudanganya, akapokea chakula mchana na kukimwaga usiku. Angeweza kumwambia msimamizi, niamini tu, Mungu wangu amesema nami. Hakufanya hata moja la hayo. Alimwendea yule msimamizi mdogo akaomba apimwe. Akataja muda, siku kumi. Akataja watakachokula, chakula cha shambani na maji tu. (Biblia yetu ya zamani inasema mtama, tafsiri nyingine zinasema mboga. Mimi sigombani juu ya hilo, naamini hata sombe ingetosha.) Akataja watakaolinganishwa nao, wale vijana wengine wanaokula meza ya mfalme. Akataja kitakachotazamwa, yaani nyuso. Na akakubali tangu mwanzo kwamba atakayeamua ni msimamizi, si yeye Danieli, na kwamba atatendewa kadiri itakavyoonekana.

Mwonyesheni mwalimu yeyote wa sayansi mistari hiyo, kuanzia wa 12 hadi wa 15. Atawaambia kwamba hilo ni jaribio kamili. Lina swali, lina muda, lina kundi la kulinganisha nalo, lina kipimo, na lina mwamuzi asiye na upendeleo. Watu wanaoandika historia ya utafiti wa tiba huitaja habari hii ya Danieli mpaka leo, miongoni mwa majaribio ya kulinganisha ya kale kabisa yaliyoandikwa. Mwalimu akiwa mkali atalalamika pia kwamba vijana wanne ni wachache mno na siku kumi ni chache mno. Tumwachie, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini tusisahau aliyeliomba jaribio hilo. Waganga wa mfalme walikuwepo, wachawi na wasoma nyota walikuwepo, na hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza ni kijana aliyehamishwa, asiye na kwake, aliyekuwa bado anajifunza lugha ya wenyeji.

Basi, baba yangu uliyesema sayansi ni ya watu walio kwao, hilo ndilo jibu langu la kwanza.

La pili linatuhusu sote. Tangu siku tulipovuka, sisi tumekuwa watu wa kuulizwa. Jina lako nani? Ulizaliwa lini? Mko wangapi nyumbani? Mlikimbia nini? Tuliulizwa mpakani, tukaulizwa Kenani, tukaulizwa tulipofika hapa mwaka 2018 makazi haya yalipofunguliwa, na tangu hapo wamekuja watu wema wenye daftari, na siku hizi wenye simu, wakatuuliza tena yale yale. Sisemi ni vibaya. Pasipo hesabu hakuna mgao. Lakini mtu anayeulizwa miaka yote, mwisho hujiona kuwa yeye ndiye kitu kinachochunguzwa, akasahau kwamba Mungu alimpa naye macho. Zaburi ya 111 mstari wa 2 inatufundisha kwamba wanaopendezwa na kazi za Bwana hawaishii kuzisifu, wanazitafuta na kuzichunguza. Haikusema ni lazima wawe na kitambulisho cha nchi. Na Bwana wetu mwenyewe, ambaye utotoni alikimbizwa mpaka Misri, alipokuwa na miaka 12 walimkuta hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Yeye aliuliza! Mtoto wetu anaposimama kando ya ubao wake na kusema, mimi niliuliza hivi, nikapima hivi, nikaona hivi, siku hiyo daftari limehamia mkono mwingine.

Nipeni nafasi niwasimulie habari ya mwanafunzi mmoja wa lugha yetu hii ya Kiswahili. Mwaka 1963, huko Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, kisha wakayaweka katika friji ya kugandishia. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaweka yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu aliporudi, maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeweka baridi yalikuwa bado mazito tu. Akamwuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amekosea, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa kule Iringa akauliza tena, na huko alichekwa. Aliambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa zima likaushika utani huo. Kila alipokosea hesabu wakasema ni hesabu za Mpemba.

Kisha akaja shuleni mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya wote. Wenzake wakacheka, wengine wakaona aibu kwa ajili yake. Lakini yule mgeni hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lipimwe, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, mwalimu wa chuo kikuu na yule mwanafunzi, katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Jambo lenyewe likapewa jina la Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana juu yake. Wapo waliopima wakaliona, na wapo waliopima kwa uangalifu mkubwa wasilione. Hilo halimwondolei Mpemba heshima, kwa maana hata wanaombishia wanapaswa kupima kwanza.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na mashindano yetu. Katika kijiji cha Pwani, Njoro, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, iko shule ya kutwa inayoitwa Keriko. Nchi hiyo ya Njoro iliumizwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, na shuleni hapo wako watoto wa makabila mengi. Wengi ni maskini, wengi ni yatima au wana mzazi mmoja. Mwalimu wao wa hesabu na fizikia alikuwa Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, aliyekuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa ajili ya wahitaji. Shule ilikuwa na kompyuta moja, na intaneti ya kusuasua. Alianzisha chama cha amani, tena akakuza chama cha sayansi. Katika mashindano ya sayansi na uhandisi ya Kenya mwaka 2018 wanafunzi wake walileta kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na shule ile ikawa ya kwanza kitaifa miongoni mwa shule za umma. Mwaka 2019 wakapata nafasi ya kwenda mashindano ya kimataifa kule Arizona, Marekani. Mwezi Machi mwaka huo huo Ndugu Tabichi alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1. Najua wengi wenu mtaikumbuka hiyo milioni. Mimi naomba mkumbuke ile kompyuta moja. Na mtazame tena lile swali la wanafunzi: walifikiri juu ya mtu asiyeona na asiyesikia, apimeje kitambaa au mbao kama sisi? Swali kama hilo linatoka kwa watoto waliokaa karibu na shida ya mwenzao.

Karibu na shida ndipo tulipo sisi. Kwa hiyo sioni kwamba watoto wetu wana upungufu wa maswali.

Tazameni ziwa hili. Mweru ni ziwa la nchi mbili, Luapula inaingia kutoka kusini, na maji yanatoka Pweto kuelekea kwetu. Wazee wa hapa wanasimulia habari za samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwenda kutaga mayai, na watu wakamvua kwa wingi katika safari yake hiyo hiyo ya kutaga. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha biashara yake ilikuwa imeanguka. Watu walikuja kuhesabu baada ya samaki kuwa wachache. Siku hizi wengi wetu tunaishi kwa chisense wa kuvuliwa usiku kwa taa. Akina mama, ninyi mnaowaanika mnajua tofauti ya chisense wa mchangani na wa kwenye chanja. Lakini tofauti hiyo ni kiasi gani? Wanakauka kwa saa ngapi, mchanga unabaki kiasi gani, mvua ikinyesha wanaharibika wangapi, na mchuuzi analipa shilingi, samahani, kwacha ngapi zaidi? Mtoto mwenye mizani ya kuazima na mafungu mawili ya samaki anaweza kuleta jibu ambalo hakuna kitabu kinalo.

Au mihogo. Mama zetu wanaijua mihogo michungu kwa kidole, kidole kikizama basi imelowa vya kutosha. Ni elimu ya kweli, imetuponya vizazi vingi. Lakini mtoto akiuliza kwa nini siku tatu au nne wala si moja, asikemewe. Ndani ya mihogo hiyo imo sumu, na kwetu Kongo wako watu waliopooza miguu kwa sababu katika njaa na vita waliila kabla haijalowekwa vya kutosha.

Tena Nchelenge yenyewe ni mahali pa utafiti, ingawa wengi wetu hatujui. Malaria ya wilaya hii ni kati ya iliyo nzito kabisa katika Zambia, na kwa ajili hiyo watafiti wa kituo cha utafiti wa magonjwa ya tropiki cha Ndola, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamefanya kazi hapa miaka mingi. Waliona kwamba mbu anayetuumiza zaidi ni aina iitwayo Anopheles funestus, na kwamba alikuwa amekwisha kuzizoea baadhi ya dawa za kupuliza ukutani. Hilo lilijulikanaje? Mbu walikamatwa wakiwa hai, wakawekwa pamoja na dawa, wakahesabiwa waliokufa na waliobaki wakiruka. Ndugu zangu, kuhesabu mbu waliokufa si jambo lililo juu ya akili ya kijana wa sekondari.

Na liko swali gumu kuliko hayo. Vyandarua tunavyopewa kwa ajili ya mbu, vingapi viko kitandani na vingapi viko ziwani? Mtoto akileta nyumbani swali hilo, baba, utamjibuje?

Nimefika mahali penye miiba. Kazi ya namna hii haisimami bila ukweli, na ukweli umetupata tukiwa na njaa. Mithali 11:1 inatuambia jinsi Bwana anavyochukizwa na mizani ya udanganyifu. Kijana anayepima huona majaribu haya mapema sana. Amepanga kuonyesha kwamba chanja ni bora, na siku ya tatu namba zinakataa. Afanye nini? Kalamu iko mkononi, hakuna anayemwona. Hata wakubwa hujaribiwa hivyo. Yule mhudumu wa maabara wa Dar es Salaam, alipoona maji ya moto yametangulia kuganda, alimwambia Osborne kwamba ataendelea kurudia mpaka yatoke matokeo yaliyo sawa! Alisema kwa moyo mweupe, maskini, kwa kuwa alidhani jibu linajulikana kabla ya kupima. Danieli hakuwa hivyo. Alimwachia msimamizi nafasi ya kuona nyuso zimekonda.

Sasa niseme nasi wazazi, kwa mapendo. Wapo kati yetu waliomhesabu katika nyumba yao mtoto asiyekuwepo. Wapo waliomfundisha kijana wao aseme ana miaka fulani. Naijua njaa, na siwahukumu kana kwamba mimi sili. Lakini mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba namba hugeuzwa kulingana na shida, atasimamaje mbele ya waamuzi aseme, nilihesabu, ni 14, wala si 20 kama nilivyotaka? Na mtoto atakayesema 14 mbele ya watu, hata akikosa zawadi, huyo amefanya jambo ambalo wengi wetu tumelishindwa mbele ya daftari. Afadhali arudi bila cheti.

Maana sitawadanganya juu ya zawadi. Wengi hawatashinda. Wataingia wilayani na kurudi na vumbi, wengine watachekwa Kiingereza chao. Sahani na unga havitoki ndani ya ubao ule. Mama aliyeniuliza habari ya unga, namjibu wazi kwamba mwaka huu kupima hakutaleta unga.

Ninachowaomba ni kile ambacho yule msimamizi wa Babeli alimpa Danieli. Mtazameni mtu huyo, kwa kuwa mahubiri mengi humpita mbio. Hakuwa wa imani yao. Hakuelewa sababu ya kukataa nyama ya mfalme. Naye alikuwa na bosi wa kumwogopa, kama wewe ulivyo na mwenye shamba au mwenye mtumbwi. Hakuahidi lolote, hakutoa hotuba. Mstari wa 14 unasema tu kwamba aliwasikiliza katika neno hilo, akawajaribu siku kumi. Bila mtu huyo mdogo, kitabu cha Danieli kingeishia sura ya kwanza.

Basi toeni siku kumi. Kijana mwenye swali lake, kwa siku kumi asipelekwe kwenye kambi ya wavuvi. Apewe ndoo moja ya maji isiyo na maneno. Apewe kona ya ua ambayo kuku hawaifiki. Kijana wa kiume awachotee wenzake maji zamu hizo, hatakufa. Nasema hili hasa kwa ajili ya mabinti. Serikali ya Zambia iliondoa ada katika shule zake mpaka sekondari tangu mwaka 2022, nasi bado tunaona binti anayejua kuhesabu anatolewa darasani kwenda kuanika samaki wa mtu, na mwaka unaofuata anaitwa mke. Posa inaweza kungoja. Mkwe akisema haiwezi kungoja, huyo ameshajipima mwenyewe mbele yenu.

Liko neno la mwisho ambalo nalisikia kila nyumba: kwa nini tujisumbue na mashindano ya nchi hii, na sisi tutarudi? Ni kweli, tunaomba turudi, na siku Mungu akifungua njia nitakuwa wa kwanza kufunga mizigo. Lakini tuwe watu wenye kumbukumbu. Wapo hapa waliokaa Kala na Mwange, kambi zilizofungwa karibu mwaka 2010, baada ya watu kuanza kurudishwa Kongo mwaka 2007. Walirudi, wakajenga, wakapanda, na mwaka 2017 wakavuka tena, safari hii na watoto wao mgongoni. Miaka ile yote ya Kala haikuwa chumba cha kungojea. Ilikuwa maisha. Waliojifunza kitu pale walivuka nacho mara mbili, na hakuna askari aliyeweza kukichukua njiani.

Yeremia 29 iliandikwa kwa watu hao hao wa Babeli, wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie mji amani. Naye Danieli, sura yetu inafunga habari yake kwa mstari mfupi wa 21, kwamba aliendelea hata mwaka wa kwanza wa mfalme Koreshi. Mwaka huo ndio Koreshi alioutoa ruhusa Wayahudi warudi kwao. Wengine walirudi. Danieli, kwa kadiri Maandiko yanavyotuonyesha, hakurudi. Alikuwa mzee sana, na kazi yake ilikuwa imekua katika nchi aliyoletwa kwa nguvu. Sijui ni nani kati yetu atakayevuka na ni nani atakayezikwa kwenye udongo huu. Najua mtoto aliyejifunza kupima kwa haki atafaa pande zote mbili za ziwa.

Jumapili ijayo, baada ya baraka, msitoke. Wanafunzi wenye miradi watasimama na mbao zao ukutani ndani ya kanisa, upande wa madirisha ambako kuna mwanga, nao watazungumza kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya mazoezi. Wazee wa kanisa watakaa mbele kama waamuzi. Akina mama wa kuanika samaki, ninyi ndio wataalamu, kaeni karibu. Mje na maswali.

Wenu katika Kristo,
Mchungaji